Nakala Safi ya Majina ya Vinywaji

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi ulifunge kwanza, utazame kama kuna mtu nyuma yako, ndipo ulifungue tena. Kila neno utakalolikuta humu libaki kati ya macho yako na karatasi. Usimsomee rafiki. Usimdokezee mwenzako wa kazini, hata kwa mzaha. Sina mtu wa kumwambia haya na kunyamaza kumenishinda, ndiyo maana naandika. Mimi ni karani, nina miaka ishirini na miwili, na naogopa.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi. Chumba ni cha tatu kwenye ukumbi mrefu, kina meza mbili na dirisha lisilofungika sawasawa. Meza moja ni yangu, ya pili ni ya dada mpiga chapa, na Mkuu yuko nyuma ya mlango wa kioo. Hakunieleza mengi kwa sababu alikuwa anatafuta miwani yake, nayo ilikuwa kichwani. Alisema tunakusanya majina ya vinywaji kwa ajili ya idara ya afya. Mkusanyaji huleta kadi. Kila kadi ina jina la kinywaji, mahali liliposikika na kazi ya aliyelitamka. Mimi nanakili kwenye daftari kuu, napiga mhuri kadi, naitia kwenye gunia. Gunia likijaa linapelekwa stoo. Kisha akasema anataka daftari safi, lisilo na doa wala kosa.

Nilitaka kuuliza majina hayo ni ya nini hasa. Nikaogopa kuonekana mjinga siku ya kwanza.

Kadi ya kwanza iliandikwa "chayi". Nikaandika chai. Ya pili "kawa". Nikaandika kahawa. Ya tatu "jusi", nikaandika juisi. Mkusanyaji wetu, nikajisemea, masikini, hakusoma sana. Nikafurahi kwamba atapata mtu wa kumfunika makosa yake bila kumwaibisha.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza. Kadi thelathini na nane.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimemwona mkusanyaji mwenyewe. Ofisi nzima inamwita Mzee Mabuti kwa sababu ya mabuti yake ya mpira, yanayofika magotini na kutoa sauti kama mtu anayenyonya embe. Ni mwembamba, ana ndevu chache zisizo na mpangilio. Kadi huzibeba ndani ya mfuko wa plastiki aliojifunga tumboni, chini ya shati, hivyo ili kutoa kazi yake lazima ajifungue vifungo mbele ya watu. Dada mpiga chapa aligeuza uso, akasema kila Alhamisi anaonyeshwa kitovu ambacho hakukiomba.

Aliona kidole changu kilivyolowa wino, akaniita Bi Wino. Nadhani jina hilo limeshakwama.

Nilijikaza nikamuuliza anapataje majina yote haya. Akaketi, akavua buti moja, akamwaga maji nje ya dirisha, kisha akanijibu taratibu:

"Ukimuuliza mtu, hiki mnakiitaje, atakujibu kama alivyofundishwa na mwalimu wake. Mimi simuulizi mtu. Nakaa kwenye kibanda. Namwacha apate kiu, aagize mwenyewe."

Dada mpiga chapa akasema basi kazi yake ni kukaa tu. Mzee akamwambia kukaa ni kazi nzito, amuulize Mkuu. Nikacheka, kisha nikatazama mlango wa kioo, nikaacha kucheka.

Alipokuwa anatoka aliniuliza kama mwandiko wake unanisumbua. Nikamwambia hapana, nalainisha hapa na pale. Alisimama kidogo mlangoni. Kisha akaenda.

Jumatano, 13 Machi

Mkuu amesema daftari langu linapendeza kama limechapwa. Nimelirudia neno hilo moyoni siku nzima.

Jioni nilipofika nyumbani mama alikuwa anapiga pasi nguo za watu, kazi iliyonisomesha. Aliniuliza kama nitakunywa "kawa". Nikamwambia, "Ni kahawa, mama." Akasema ni hiyo hiyo, akaweka kikombe mezani, akarudi kwenye pasi yake. Hakuniuliza lingine jioni yote. Nilijua nimekosea lakini sikujua namna ya kulirudisha.

Darasa la nne niliandika "kawa" kwenye insha. Mwalimu alinisimamisha juu ya dawati niisome kwa sauti. Muhula mzima wenzangu waliniita Kawa, hata yule niliyegawana naye kiti. Tangu hapo mkono wangu husahihisha kabla sijafikiri. Mama hakuwahi kuambiwa, na sitamwambia.

Jumanne, 19 Machi

Stoo inavuja. Mlinzi ameweka ndoo mbili.

Ijumaa, 22 Machi

Ndoo tano.

Jumatatu, 25 Machi

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Saa nne Mkuu alitoka chumbani kwake na daftari kuu, akaliweka mezani kwangu, akaniambia nisogee. Alikuwa akipitisha kidole kwenye safu, ukurasa baada ya ukurasa, akisoma kwa sauti ya chini: chai, kahawa, juisi, maziwa. Chai, kahawa, juisi, maziwa. Bondeni, milimani, miji ya barabarani, hata herufi moja haitofautiani. Akavua miwani.

Ndipo akanieleza yale ambayo sikuyauliza siku ya kwanza. Idara ya afya inataka kuchapa karatasi za maelekezo ya dawa: dawa ipi isinywewe na maziwa, ipi isinywewe na kahawa, ipi inataka maji matupu. Karatasi za kila upande zitaandikwa kama watu wa upande huo wanavyosema na kuandika, ili bibi aliyeko bondeni akisomewa aone anaambiwa yeye. Tofauti ndiyo kazi. Bila tofauti hatuna kitu.

"Mimi nimezaliwa milimani," akasema. "Mama yangu amekufa hajawahi kutamka juisi. Jusi. Sote tulisema jusi. Sasa mtu wangu ananiletea mlima mzima unaosema juisi kama mtangazaji wa redio."

Nilikumbuka kadi za milimani. Jusi, jusi, jusi, na mkono wangu ukiongeza ile irabu kila mara kama mama anayemfunga mtoto kifungo. Mkuu alikuwa bado anaongea. Alisema hili lina maana moja tu: Mzee Mabuti hajatoka mjini. Amekaa kwenye kibanda kimoja kikavu, akajaza kadi kwa kichwa chake, akatusimulia ule ushairi wa mabuti.

Nilifungua mdomo. Nilichosema ni, "Ndiyo, Mkuu."

Jumanne, 26 Machi

Sikula.

Jumatano, 27 Machi

Dada mpiga chapa anasema Mzee amefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Mkewe hatoki kitandani tangu mwaka juzi, na yeye ndiye anayempikia na kumwosha kabla ya kushika njia. Aliniambia haya huku akila karanga, kama habari za hali ya hewa. Nilimwomba aache. Akaniuliza kwani nina nini siku hizi, mbona nimenywea kama kuku aliyenyeshewa.

Jumanne, 2 Aprili

Leo Mzee aliitwa. Mkuu aliacha mlango wa kioo wazi. Sijui alitaka tusikie au alisahau.

Mkuu alizungumza kwa utulivu, jambo lililonitisha zaidi. Alimwonyesha daftari, akamuuliza ni kibanda gani hicho ambacho watu wa pande zote huja kunywa. Mzee aliinama akasoma. Alisoma muda mrefu, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akilowesha kidole. Nilikuwa namwona mgongo tu. Kisha akanyooka.

"Kadi zangu ziletwe," akasema.

Mkuu akamjibu kwamba kwa utaratibu wa ofisi kinachosomwa ni daftari. Mzee akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Basi Mkuu akaniita, akanituma stoo nikatazame kadi zikoje.

Stoo iko nyuma ya jengo, chumba kirefu chenye harufu ya nguo zilizosahaulika ndani ya beseni. Magunia manne yamepangwa ukutani, na maji yanaingia juu yake moja kwa moja. Nilifungua la kwanza. Kadi za juu zilikuwa zimegandamana kuwa donge, wino umekimbia, zimebaki za samawati tupu. Nikaingiza mkono chini. Chini zilikuwa kavu. Nikatoa moja, ikasomeka kila herufi: sharbati, kivuko cha bondeni, fundi baiskeli. Nilikumbuka kabisa siku niliyoigeuza kuwa sharubati.

Niliirudisha chini, nikafunga gunia. Njiani nilijiambia nitasema kweli nikifika mlangoni. Nikafika. Wote wawili walinitazama.

"Zimelowa," nikasema. "Hazisomeki."

Mkuu akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Akamwambia Mzee aendelee kukusanya mpaka mwisho wa mwezi huku barua ikitayarishwa. Mzee hakubisha. Alipokuwa anapita mezani kwangu alisimama.

"Mwandiko wako mzuri sana, Bi Wino," akasema. "Leo ndiyo nimeusoma."

Buti zikatoa sauti ile ukumbi mzima mpaka nje.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kila inaponyesha, uongo wangu unazidi kuwa kweli.

Alhamisi, 4 Aprili

Mzee alileta kadi kama kawaida, akajifungua vifungo kama kawaida. Leo nimezinakili kama zilivyo. "Kahwa." "Masiwa." "Shalubati." Mkono ulikataa, nilikuwa naushika kwa mkono wa pili. Lakini kadi ishirini za kweli baada ya kurasa hamsini za uongo zinaonekana kama mzaha. Mkuu alipozipitia alisema, tazama, mzee ameogopa, sasa ameanza kutunga na tofauti.

Kwa hiyo hata ukweli wangu umemwongezea kesi.

Jumamosi, 6 Aprili

Wazo: kuziokoa zilizo kavu, nizifiche, nitengeneze daftari la pili, nilibadilishe na la kwanza bila mtu kujua. Nikiliandika hapa naona ni wazo la mtu mwenye homa. Lakini ndilo nililonalo.

Jumatatu, 8 Aprili

Wakati wa chakula cha mchana nimekwenda stoo nikatoka na kadi kumi na tano ndani ya blauzi. Mlinzi aliniuliza kama ninaumwa tumbo. Nikasema ndiyo. Alinionea huruma, akanipa kiti chake.

Jumatano, 10 Aprili

Kumi na mbili. Gunia la pili limeoza chini.

Alhamisi, 11 Aprili

Sita tu. Mlinzi ameniletea tangawizi kwa ajili ya tumbo. Siku hizi nadanganya mpaka watu wema.

Mzee Mabuti amekaa kwenye benchi la ukumbini tangu saa mbili mpaka saa tano. Hana shughuli yoyote pale. Nikipita hunisalimu, huniuliza habari za nyumbani, kisha hutazama mvua. Nadhani anasubiri barua yake. Nimeanza kuzunguka kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi, 13 Aprili

Kadi nilizoziiba hazikauki. Nilizitandaza kitandani mchana huu, zimejikunja pembe kama majani makavu lakini katikati bado zina unyevu, na nyingine zimeanza kuota ukungu. Mama aliingia. Sikuwa na pa kuzificha.

Hakuuliza ni za nani. Alishika moja, akaipindua, akaenda kuchochea mkaa wa pasi. Akatandika shuka kuukuu mezani, akaweka kadi, akaweka kitambaa juu, akapitisha pasi polepole kama anavyofanya kwa kola za mabwana. Kadi ikatoka bapa, kavu, ya moto. Wino haukuguswa. Tukaendelea hivyo, mimi natandaza, yeye anapiga pasi, mvua inagonga bati. Mama hajui kusoma. Baada ya kadi kama kumi aliniambia nimsomee.

Nikaanza kusoma jinsi mdomo wangu ulivyozoea. Chai, nikasema. Kisha nikatazama kadi, nikasoma kilichoandikwa: chayi, kituo cha mawe, mama muuza mboga. Sharbati. Jusi. Masiwa, hilo mama akalirudia, akasema anawajua, ng'ambo wanaongea kama wana kitu kwenye meno. Kadi iliyofuata nikaona neno kabla sijalitamka.

"Kawa," nikasoma. "Nyumba za bondeni, mpiga pasi."

Mama akasimamisha pasi hewani.

"Huyo wa kwetu," akasema. Akacheka, cheko ambalo sijalisikia tangu nilipoanza kuvaa viatu vya ofisini. Akataka nilisome tena. Nikalisoma tena. Akauliza ni nani aliyeona maana ya kuandika neno la mpiga pasi kwenye kadi ya serikali. Nikamwambia ni mzee mmoja wa mabuti. Akasema huyo mzee ana adabu.

Nikamweleza yote. Sikupanga, yalitoka yenyewe, pamoja na Darasa la nne, dawati na jina la Kawa. Alinisikiliza huku pasi ikipoa. Mwishoni hakunikemea wala hakunifariji. Alisema tu kwamba kola moja ikiungua unamwambia mwenye shati siku hiyo hiyo, kwa sababu ukisubiri anakuwa amekwisha alikwa harusini. Kisha akaniambia nilete kadi nyingine, mkaa unaisha bure.

Jumanne, 16 Aprili

Sikumwambia Mkuu. Nilifika mpaka mlango wa kioo, akainua kichwa, nikamuuliza kama anataka dirisha lifungwe.

Alhamisi, 18 Aprili

Dada mpiga chapa anachapa barua. Najua ni hiyo kwa sababu anapiga polepole. Nilisimama nyuma yake kama ninayetafuta rula, nikasoma: kwa kosa la kughushi kadi za ofisi.

Nikamuuliza kama haoni vibaya kuyachapa maneno hayo. Akaniambia, bila kugeuka, kwamba yeye hupiga kilicho mbele yake, hata koma haongezi. Kama kilicho mbele yake ni uongo basi dhambi ni ya aliyekiweka.

Nilirudi kwenye kiti changu. Mashine iliendelea. Kila herufi niliihisi shingoni.

Jumatatu, 22 Aprili

Dari la stoo limeanguka. Mkuu ameagiza magunia yachomwe Ijumaa kwa sababu ya harufu. Barua itatiwa saini Jumatano.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Mvua. Mzee yuko kwenye benchi.

Jumatano, 24 Aprili

Nimekaa nyumbani, mlango umefungwa, naandika.

Asubuhi mama alinifungia kadi zote zilizopigwa pasi, thelathini na tatu, ndani ya kitambaa cheupe, akanifunga tumboni chini ya blauzi ili zisilowe. Nilitembea hadi kazini hivyo, nimenyooka kama mtu aliyemeza ubao. Mzee alikuwa kwenye benchi. Nikapita mbele yake, si mlango wa nyuma. Alinitazama tumboni. Nadhani alitambua kifurushi.

Mkuu alikuwa ameshika kalamu. Sikubisha hodi, naliandika hilo kwa sababu sijawahi kufanya hivyo maishani. Nikageuka ukutani, nikafungua vifungo viwili, nikatoa kitambaa, nikaweka kadi juu ya barua. Nikasema ni mimi. Nikasema Mzee hakughushi kitu, kila alichokileta kilikuwa tofauti na mimi nikakifanya kimoja, tangu kadi ya kwanza. Nikasema kadi zilisomeka siku ile aliponituma, na nilimdanganya. Nilikuwa nimepanga sentensi nzuri zaidi.

Alichukua muda kuelewa. Alizipekua kadi, akazilinganisha na daftari, mstari kwa mstari. Uso wake ulibadilika taratibu, na sikuona hasira, niliona aibu. Nadhani alikuwa anakumbuka maneno aliyomwambia Mzee. Akasukuma kadi moja upande wangu.

"Soma hii."

"Juisi," nikasema. Nakuapia, hata pale.

"Kama ilivyoandikwa."

"Jusi. Shule ya milimani, mpishi."

Mkuu akafumba macho kidogo. Akaniuliza kwa nini, mtu aliyesoma kama mimi. Nilitafuta jibu la kisomi. Nikamwambia kwamba nilidhani nawafunika watu wasichekwe. Akauliza nani atawacheka. Nikamwambia kuwa mimi nilichekwa.

Alichukua ile barua, akaichana mara mbili, akatoka nje mwenyewe kwenda kwenye benchi. Mlango ulikuwa wazi lakini aliongea chini; nilichoona ni Mkuu wa ofisi amesimama na Mzee ameketi, na Mkuu ndiye aliyeinamisha kichwa.

Kisha tulikwenda stoo, wote wanne. Tulikokota magunia mpaka chumbani kwetu, tukamwaga kadi sakafuni. Dada mpiga chapa alivua viatu, akapanda juu ya meza kwanza kwa harufu, kisha akashuka akapiga magoti kama sisi. Tulizitenga mpaka saa kumi na moja jioni. Zilizonakiliwa ni mia tisa na kumi na mbili. Zinazosomeka ni mia tatu na arobaini na moja. Nyingine zimekwisha. Kuna watu walifungua midomo yao vibandani mwezi wa tatu na hakuna mtu atakayejua tena walisema nini, kwa sababu yangu. Mkuu alilitamka hilo mara moja tu, bila kunitazama. Kisha akapiga mhuri mwekundu kwenye jalada la daftari langu zuri: BATILI.

Akaniambia meza hii si yangu tena kuanzia Jumatatu ya wiki mbili zijazo, na kwamba ajira yangu ya kudumu imefutwa. Nilikuwa nimejiandaa.

Mzee Mabuti alikuwa amekaa sakafuni akivaa buti. Akasema kadi mia tano na zaidi haziwezi kukusanywa na mtu mmoja kabla mvua haijaisha, na anataka msaidizi.

"Nipe huyu," akamwambia Mkuu. "Masikio anayo. Aliyaziba tu."

Mkuu akatazama kadi zilizotapakaa sakafuni. Kisha akasema kama kibarua, mpaka kadi zitimie, basi.

Tulipokuwa tunatoka nilimuuliza Mzee kama alijua tangu siku aliposoma daftari. Akasema alijua tangu siku niliyomwambia nalainisha. Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja, akakaa kwenye benchi lile wiki mbili na mkate wake uko hatarini. Sauti yangu ilipanda. Nilikuwa karibu kumkasirikia.

"Ningekuuliza, ungenijibu kama mwanafunzi," akasema. "Nilikuwa nakuacha upate kiu."

Halafu akaongeza kwamba kusema kweli alikwisha anza kuogopa, mimi mzito sana.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimelala mpaka saa mbili. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumapili, 28 Aprili

Mama amenipatia mabuti. Makubwa kidogo. Amejaza vitambaa mbele. Aliniuliza kama nitakunywa kawa, nikamwambia niwekee, nikanywa vikombe viwili.

Ijumaa, 3 Mei

Siku yangu ya mwisho kwenye meza hii. Nimejaza wino, nimepanguza mhuri, nimefuta doa la chai kwenye droo. Daftari hili naliacha humo, chini ya karatasi za kaboni, kwa ajili yako wewe utakayekaa hapa baada yangu. Nimerudia kulisoma. Ombi la siri lililo ukurasa wa kwanza, nililoliongeza baada ya ule uongo wa stoo, nilitaka kulikata, kisha nikaliacha lilivyo. Ndivyo nilivyosema siku ile, na si kazi yangu kulisahihisha.

Kadi zetu zitakufikia kila Alhamisi. Zitakuwa na miandiko miwili, mmoja unaoinama na mmoja ulionyooka mno. Ulionyooka ni wangu. Utakuta maneno yatakayokuwasha vidole. Usiyaguse. Kama una shaka na kadi, usiwaze peke yako kama mimi, njoo.

Toka kwa mlango wa nyuma, mlinzi atakuonyesha, mpe salamu na umwambie tumbo limepona. Fuata njia ya matope mpaka pampu ya maji, vuka daraja la mbao upande wa kushoto maana wa kulia umeoza, teremka bondeni. Kuna vibanda vitatu. Jumatatu na Jumanne tuko kwenye kile chenye turubai la buluu. Usiniulizie kwa jina, hakuna anayelijua. Usimuulize mtu chochote. Keti kwenye benchi, vua viatu, subiri mpaka upate kiu kweli. Kisha agiza kinywaji kama mama yako anavyokiita.

Nitakuwa nyuma yako na kadi mkononi. Nitakusikia.